Mama Nyekundu wa Chumba cha Macho

Kuna watu huzaliwa na jina, na kuna watu huokotewa jina njiani. Mama huyu alikuwa na jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini tangu alipoitwa kwenye ofisi ya kupima video za nyimbo, jina lile lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Nyekundu.

Sababu ni kadi. Ofisi ile ilikuwa na kazi ya kutazama video za nyimbo zinazowekwa mtandaoni, kisha kuzipa alama. Kadi ya kijani maana yake video ni ya wote, hata mtoto wa chekechea. Njano ni ya waliotimiza miaka kumi na miwili. Nyekundu ni ya watu wazima, kumi na nane kwenda juu, na video ikishapewa nyekundu hairuhusiwi shuleni wala kwenye simu ya mtoto. Wakubwa wa ofisi hawakutaka wakae wasomi peke yao, wakachukua na wazazi wa kawaida wa mitaani. Yeye ni fundi cherehani, anashona kibarazani kwake, anasali asubuhi na jioni, hana makuu na mtu. Wakamchagua.

Basi kila wakikaa, yeye nyekundu. Wimbo wa mapenzi, nyekundu. Wimbo wa mpira, nyekundu, maana kijana mmoja alivua fulana akishangilia bao. Watu walisema aliwahi kunyanyua nyekundu hata kwa wimbo wa kufundisha watoto kunawa mikono, lakini huo ulikuwa uzushi wa kinyozi aliyekaa naye kwenye kamati. Ule alinyanyua njano. Vijana wa mtaani wakimwona anakuja na mkoba wake walipunguza sauti ya spika na kuambizana kwamba taa imewaka nyekundu, simameni.

Msimcheke upesi. Ameona mambo mama yule. Ameona video za mabinti wa umri wa wajukuu wa watu wakigeuzwa bidhaa mchana kweupe. Usiku aliwaombea kwa Mungu mmoja mmoja, ingawa hakuwajua majina. Mtu akikaa miaka kwenye kazi ya kutafuta uchafu, jicho linajifunza. Na jicho likishajifunza halikubali kupumzika, hata pale palipofagiliwa.

Sasa ofisi ile ilikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ni vizuri uielewe kabla hatujaenda mbele. Wapimaji hawakukaa pamoja. Walikuwepo wa macho na wa masikio. Wa macho walikaa chumba cha chini, madirisha yamefunikwa mablanketi, wakatazama picha bila sauti. Msimamizi huchomoa waya wa spika na kuufungia kwenye droo. Wa masikio walikaa ghorofani, wakasikiliza wimbo bila kuona chochote. Ilisemwa kwamba mdundo hulevya macho, na sura nzuri huziba masikio, kwa hiyo kila kiungo kifanye kazi yake. Kisha mwenyekiti wa ofisi, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukwaruza, alichukua alama za vyumba viwili akafuata ile iliyo kali zaidi. Masikio yakisema kijani na macho yakasema nyekundu, ni nyekundu.

Mama Nyekundu alikuwa wa macho. Kwa hiyo miaka yote aliona nyimbo za vijana wote, asisikie hata wimbo mmoja. Na mumewe alikuwa fundi redio, kibanda chake kiko sokoni, kutwa kucha nyimbo zinaimba pale juu ya meza na yeye ameinamia waya. Yeye alizisikia zote, asione hata video moja.

"Mimi nina masikio, wewe una macho," mzee alikuwa akimwambia wakila. "Tukikaa pamoja tunapata mtu mmoja mzima. Kasoro adabu tu."

Mtoto wao wa mwisho, kitinda mimba, walimwita Kasuku kwa sababu tangu mdogo alikuwa akiimba chochote alichosikia, hata kelele za mwuza maziwa. Sasa amekuwa msichana mkubwa, anafanya kazi zahanati, pale dirishani, anaandikisha wagonjwa. Kuimba alikuwa ameacha. Au tuseme nyumbani alikuwa ameacha.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Wapimaji wa macho walikuwa watano: yeye, kinyozi, mwalimu mmoja mstaafu mwenye miwani ya kamba, na wawili wengine waliokuwa wapya na waoga. Kanuni ni kwamba hakuna kunong'onezana. Video ikiisha, msimamizi anahesabu, na kadi zote hunyanyuliwa kwa pamoja ili mtu asimwige mwenzake. Kanuni nyingine, iliyobandikwa mlangoni, ilisema mtu akimtambua ndugu yake kwenye video aseme papo hapo, atoke nje, kura yake isihesabiwe.

Walikuwa wameshapitisha kadhaa. Ikawekwa nyingine. Msichana mmoja anatembea njiani, anaonekana kwa nyuma, amevaa gauni la kijani.

Mama Nyekundu alisogea mbele kidogo kwenye kiti.

Unajua fundi anajua mshono wake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Lile gauni lilikuwa na malinda, na malinda yale yalilalia kushoto. Mafundi wengine wote wa pale hulaza malinda kulia. Yeye alifundishwa kushona na shangazi yake aliyetumia mkono wa kushoto, hakuweza kubadilika tena. Na chini ya shingo, mgongoni, palikuwa na kifungo kimoja cheupe katikati ya vifungo vya kijani. Kile alikitoa kwenye shati la mumewe mwenyewe, siku aliyopungukiwa na vifungo. Gauni lile alimshonea Kasuku.

Moyo ulimgonga mpaka akaogopa jirani yake asije akausikia, maana chumba kile ni kimya.

Video ikaendelea. Msichana anafika kwenye mlango. Anaingia. Mkono wa mwanamume, wenye koti jeusi, unafunga ule mlango polepole. Halafu pazia. Halafu msichana anatoka mbio, miguu mitupu, linda moja limechanika. Sura yake haikuonyeshwa hata mara moja. Mwishoni anafika kwa mwanamke mtu mzima aliyeketi, naye amewapa mgongo watazamaji. Msichana anainama, anamnong'oneza sikioni. Yule mwanamke anavua mtandio wake, anamfunika mabega.

Yeye aliona nini? Aliona nyumba ya siri. Aliona mteja. Aliona kuwadi, mwanamke mzima asiye na haya, anampokea binti aliyetoka kazini na kumvisha kwa ajili ya kazi nyingine. Yote yalimjia kwa mpigo, yakapangana yenyewe, kama vipande vya kitambaa vilivyokwisha kukatwa. Na ndani ya gauni lile, Mungu wangu, ni nani?

Alipaswa kusimama na kusema kwamba gauni lile analijua. Mlango ulikuwa karibu. Lakini kusema ni kumtaja mwanawe mbele ya kinyozi, na jambo akilisikia kinyozi limesikiwa na kila kichwa chenye nywele. Akabaki kimya. Msimamizi akahesabu. Kadi zikapanda: njano mbili, nyekundu mbili, na ya tano ya kwake. Nyekundu. Aliinyanyua juu kuliko siku zote, kana kwamba kile kikaratasi kingeweza kumfunika msichana yule asionwe na mtu mwingine tena.

"Mama, leo utatoboa dari," alisema kinyozi. Halafu akamtazama kwa muda. Au yeye aliona amemtazama kwa muda.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alifungua sanduku la nguo la Kasuku, akapekua mpaka chini. Gauni halikuwepo. Jioni binti aliporudi alimuuliza kwa sauti laini, huku akijifanya anatia uzi kwenye sindano, lile gauni la kijani liko wapi, alitaka kuliangalia pindo. Kasuku alijibu kwamba amemwazima mtu. Mtu gani? Mwenzake wa kazini. Anarudisha lini? Karibuni tu, mama. Akaenda kuoga. Na simu yake akaiweka mezani kifudifudi.

Hiyo kifudifudi ndiyo iliyomnyima usingizi. Simu ya mtu asiye na siri, kwa nini ilale kwa tumbo?

Toka hapo nyumba ikageuka chumba cha macho. Kasuku akipigiwa simu anatoka nje. Mama anasogea dirishani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Kasuku akichelewa, anasema zahanati kulikuwa na wagonjwa wengi. Mama siku ya pili anapita zahanati kuulizia dawa ya kikohozi asichokuwa nacho. Hata mumewe alianza kumtia mashaka. Mzee alikuwa amepata wimbo mmoja, anaupiga mluzi akinyoa ndevu, anaupiga akivaa viatu, mluzi uleule, na akiulizwa ni wimbo gani anasema zipo nyingi redioni, mama Kasuku, mimi nitajuaje. Mtu aliyezoea kuropoka kila kitu leo anajibu kwa vipande. Pana jambo.

Alikuja kijana mmoja mpiga picha, nywele kazisuka, kumfuata Kasuku. Alimwamkia vizuri, shikamoo mama, akainama kabisa. Mama aliitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono. Je, ndio ule uliofunga mlango? Huu ulikuwa mwembamba. Ule wa kwenye video ulikuwa mpana, na vidole vimejaa. Basi akaanza kutazama mikono ya wanaume wote. Mwuza mkaa, mikono myeusi, huwezi kujua. Mwenye duka, mikono midogo. Mzee mmoja wa kwenye ibada, mtu wa heshima zake, alimpa mkono baada ya sala, mama akaugeuza na kuutazama mpaka mzee wa watu akauliza kama anasoma viganja siku hizi.

Katika siku hizohizo palikuwa na mtoto mmoja wa kike, binti wa jirani, yuko darasa la sita. Aliletwa na mama yake kupimwa sketi ya shule, sketi ikashonwa, ikaisha, akaichukua. Lakini aliendelea kuja. Anasimama pembeni ya cherehani, anachezea ncha ya utepe wa kupimia, hasemi. Ukimuuliza anataka nini, anasema hakuna. Mama Nyekundu aliona bobini moja ya uzi haionekani, akatia moyoni kwamba amempata mwizi wake. Siku moja akamwambia aende nyumbani kwao, hapa si kituo cha mabasi. Mtoto akaondoka bila kugeuka. Ile bobini ilikutwa jioni imeingia chini ya kanyagio. Hakuitilia maanani, alikuwa na lake.

Ikaja siku ya mapumziko. Kasuku alisema anakwenda kumsalimia shangazi yake, dada wa baba. Akatoka. Kidogo mzee naye akatoka, ana redio ya mtu ya kupeleka. Mama alihesabu moyoni, akajitupia mtandio, akafuata njia ileile. Njia nzima alisali kwa midomo bila sauti, na sala yenyewe ilikuwa moja tu: nisikute ninachokwenda kukuta.

Nyumba ya wifi yake haikuwa mbali. Dirisha lilikuwa wazi na watu ndani walikuwa wakiongea, halafu alipobisha hodi maneno yakakatika kama uzi. Akaingia bila kungoja karibu.

Walikuwepo wote. Mumewe, redio ya mtu haipo. Wifi yake. Yule kijana mpiga picha. Na Kasuku, amekaa chini, macho yamevimba kwa kulia, na mapajani kwake limekunjwa gauni la kijani.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Alilitazama gauni, akawatazama wao mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujua aanze kumshuku nani.

"Kumbe kuna kikao cha ukoo," alisema. "Mimi ndiye sikualikwa."

Akachukua gauni, akatafuta lile linda. Lilikuwa limechanika kweli, limeshikizwa kwa pini.

"Nani alilichana hili?"

"Tulilichana kwa mkasi, mama," Kasuku alisema. "Kwa ajili ya picha."

"Na wewe ulikuwa unatoka kwenye nyumba ile. Umekwenda kufanya nini mle?"

Kasuku aliinua uso. Alisema hakuwa na haja ya kuuliza mama alinyanyua kadi gani. Jana ofisi iliwaletea jibu, nyekundu. Ila alitaka kujua kitu kimoja.

"Uliusikia?"

"Chumba chetu hakina sauti. Unajua."

"Basi hukuona kitu, mama. Uliangalia tu."

Wifi alimkemea binti asimjibu mama yake namna ile, lakini maneno yalikwisha toka. Kisha yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kukaa na jambo zito muda mrefu, akasema kwamba kama ni kesi basi na yeye ashtakiwe.

"Yule mwanamke aliyekaa mwishoni ni mimi, wifi. Nimekupa mgongo, si ajabu hukunijua, nimenenepa."

"Yule kuwadi?"

"Kuwadi?" Wifi alishika kifua. "Mungu akusamehe. Yule ni mama. Yule ni wewe."

Ndipo yakatolewa yote, kila mtu na kipande chake. Kasuku pale dirishani zahanati aliandikisha watoto wa kike walioharibiwa na wanaume, wakaletwa wakiwa wamechelewa, wengine wadogo mno, na kila mmoja akiulizwa kwa nini hakusema mapema alisema aliogopa nyumbani. Muuguzi mkuu alitaka kupita mashuleni kuzungumza nao. Kasuku akasema watoto hawasikii hotuba, wanasikia nyimbo. Akautunga. Mpiga picha ni mdogo wa yule muuguzi, alifanya kwa kujitolea. Shule zilikuwa zimekubali kuuonyesha madarasani. Sasa haziwezi. Wimbo wa kuwaonya watoto umefungiwa watoto.

"Na ule mkono?" mama aliuliza. Sauti ilikuwa imemshuka. "Mkono uliofunga mlango ni wa nani?"

Mzee alijikuna kidevu, akanyoosha mkono wake wa kulia, mpana, vidole vimejaa, na kovu la risasi ya kuchomelea waya kwenye kidole gumba. Miaka yote ile amelala kando ya mkono ule.

Alieleza kwamba vijana waliwaomba wanaume wengi. Hakuna aliyekubali mkono wake uonekane ukifunga mlango ule; kila mmoja aliogopa watu watasema. Basi akasema tumieni wangu, mnivalishe koti.

"Niliwaambia msiwe na wasiwasi," alisema taratibu. "Mke wangu ana macho, lakini haangalii nyumbani."

Pengine alitaka kuchekesha.

Mama aliketi. Aliuliza swali moja tu, kwa nini hawakumwambia. Mzee akatazama sakafu, wifi akajifanya anatafuta kikombe. Kasuku ndiye aliyejibu, wala hakujibu kwa ukali.

"Tungekuambia, ungeuliza kwanza nani kaniingiza kwenye mambo haya. Mimi siwezi kukwambia kitu, mama, bila kujikuta nimekuwa mshtakiwa."

Kijana mpiga picha aliona aibu kuwepo pale. Alitaka kuondoka, mama akamwambia akae. Akamwomba amfungulie wimbo kwenye simu. Kijana akamsogezea kioo, naye akakigeuza kifudifudi mezani, akafumba macho. Haikuwa kwa sababu ya kanuni. Alijua macho yake yakifunguka yatatafuta tena.

Kwanza alisikia mluzi wa mumewe, ule wa kunyolea ndevu, ila sasa unapigwa na gitaa. Halafu sauti ya mwanawe, ambayo hakuisikia ikiimba miaka mingi, imekua, imekuwa nzito kidogo chini. Ilisema hivi: Dada mdogo, mlango ukifungwa, piga kelele. Ukitoka usikae na jambo peke yako. Halafu kibwagizo, kinarudi na kurudi: Mwambie mama. Hata mama mwenye macho makali, ana masikio.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba tena. Mara ya pili machozi yalikuwa yakimtoka chini ya kope zilizofumbwa, na hakuyapangusa.

Aliporudi ofisini hakwenda chumba cha macho. Alimwendea mwenyekiti, akamweleza kwamba siku ile aliitambua kazi ya mikono yake kwenye video, akamjua na binti aliyeivaa, akanyamaza, akapiga kura. Mwenyekiti alivua miwani. Kwa sauti yake ile ya kukwaruza aliuliza kama anaelewa kwamba kwa kosa hilo hawezi kuendelea kukaa kwenye kamati. Alielewa. Na je, anafanya hivi ili video ya mwanawe ipewe alama nyepesi? Mashaka hayo yalikuwa halali, na mama aliyaheshimu. Yeye mwenyewe angeuliza vilevile.

Akasema hapana, nyepesi haombi. Wangeweza kuipa nyekundu tena, ni kazi yao. Anaomba itazamwe na mtu asiyemjua msichana yule. Kisha akasita, akaongeza kwamba kama angekuwa na ruhusa ya kutoa neno la mwisho, angeomba wa macho nao wakishanyanyua kadi wafunguliwe waya angalau mara moja, wajue wamepiga kura juu ya nini. Mwenyekiti aliandika kitu. Alichoandika hakukijua, na nakiri alipotoka alijaribu kukichungulia kikiwa kichwa chini.

Kinyozi alikuwa koridoni.

"Sasa umeacha nyekundu, sisi tutakuita nani?"

"Niite fundi," alisema. "Na wewe unayekwenda kuyasema kibandani kwako, yaseme yote. Usiruke ya katikati."

Kinyozi akacheka, akasema mama, siri ya leo ataimeza. Hakumwamini. Na kweli, kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua.

Video ilitazamwa upya na mtu mwingine kwenye kiti chake. Ikapata njano. Mashuleni ikaonyeshwa. Haikupita muda mabinti wa mtaani wakawa wanakiimba kile kibwagizo wakiruka kamba, na wengine wakawa wanakigeuza matani, mwambie mama kwamba kaka amekula sukari. Yeye aliwasikia kutoka kibarazani. Tabia ya zamani haifi siku moja: kila wakiimba, alinyoosha shingo kutazama ni nani amesimama karibu nao, na mikono yake iko wapi. Hilo hakuliacha, na mimi simlaumu.

Kasuku naye alirudisha gauni. Mama alilishona lile linda, akalilaza kushoto kama mwanzo. Hawakuzungumza sana, lakini simu ya binti ilianza kulala kwa mgongo, siyo siku zote, siku nyingine.

Asubuhi moja alikuwa akishona mashati ya shule. Kivuli kikaingia juu ya kitambaa. Alipoinua macho alimwona yule binti wa jirani, wa darasa la sita, amesimama palepale pa siku zote, anachezea ncha ya utepe wa kupimia.

Ulimi ulikuwa tayari. Unataka nini, kwa nini hujaenda shule, nani amekutuma. Maneno yote yalipanga foleni mdomoni, kila moja na alama yake ya kuuliza. Aliyameza.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Mtoto alitazama barabarani, akatazama mlango wa kwao. Akauzungusha utepe kidoleni.

"Mama Nyekundu, kuna kitu nataka kukwambia. Lakini usinitazame."

Mama aliweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani mpaka likasimama. Akavuta kigoda kwa mguu, akamsogezea. Kisha akafumba macho.